Tiketi Yenye Mhuri

Mtaa mzima ulimwita Mzee Tobo, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni mpaka alipostaafu, na koleo yake ya kutobolea tiketi bado ilikaa kwenye droo ya kabati la vyombo, imepakwa mafuta, utadhani kesho anarudi kazini. Tiketi ya bandia ilikuwa haimpiti. Aliigusa kwa kidole gumba, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akanusa wino, kisha akamtazama abiria machoni. Abiria angejitetea: "Nilinunua kwa mtu, mzee, sikujua." Jibu lake lilikuwa lilelile siku zote: "Kituo kijacho unashuka." Hakuwa katili. Aliamini tu kwamba mtu mzima hanunui kitu asichokijua.

Basi binti wa pekee wa mzee na mkewe, aliyeolewa nchi ya mbali, akapata ujauzito baada ya kuusubiri mpaka watu wakaacha kumuuliza. Daktari akaamua atazalishwa kwa upasuaji. Binti alimpigia mama yake akilia. "Mama, siingii chumba kile kama hupo." Mama akamjibu kwamba atakuwepo, liwalo na liwe. Mkwe wao akajitolea kuwanunulia tiketi za ndege wote wawili, na hapo ndipo Mzee Tobo alipovimba kichwa.

"Mkwe anifundishe mimi mambo ya tiketi? Thubutu!"

"Baba watoto, mwache kijana anunue," mkewe alimsihi. "Ndege si treni."

"Tiketi ni tiketi."

Akajifungia sebuleni na simu yake, miwani puani, akatafuta mpaka akapata tangazo la wakala wa safari mwenye bei ya kupendeza na picha za ndege zinazong'aa. Wakala mwenyewe alikuwa na maneno matamu ajabu. Alimwita mzee "baba yangu", akauliza hali ya mama, akamwombea binti ajifungue salama. Mzee akatuma akiba yao yote, na tiketi zikaingia kwenye simu.

Lakini huyu hakuwa mtu wa kubabaishwa na picha. Alizipeleka kwenye duka la kuchapisha, akaagiza karatasi ngumu kuliko zote walizokuwa nazo, na zilipotoka akazikagua palepale mlangoni kama zamani: kidole gumba, mwanga, pua. Karatasi safi, wino umekaa vizuri. Kasoro aliiona moja tu, nayo ikampandisha mori. Akampigia wakala.

"Mhuri uko wapi? Tiketi gani haina mhuri?"

Wakala akajikusanya upesi. "Samahani sana, baba yangu, ni uzembe wa ofisi. Nakutumia zenye mhuri sasa hivi."

Na kweli zikaja, kila moja na mhuri mwekundu wa duara, mkubwa kama kisahani cha chai. Mzee akachapisha upya, akarudi nyumbani kifua mbele. Jamani, mtu kakagua karatasi aliyoichagua mwenyewe, na mhuri alioudai mwenyewe, akaridhika! Tumcheke, lakini kidogo, maana mkewe naye alipouona ule mhuri roho yake ilitulia, akaanza kufungasha.

Siku ya safari ikafika; kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya upasuaji. Pale uwanja wa ndege, mama alikaa kwenye benchi na begi la nguo za mtoto alizozifuma mwenyewe, viatu vipya vikimbana. Mzee akaenda kaunta, akamwekea msichana wa zamu zile karatasi, mhuri ukiwa juu.

Msichana akaandika kwenye kompyuta. Akaandika tena. "Baba, namba hizi hazipo."

"Angalia vizuri, mwanangu. Hebu iguse hiyo karatasi."

"Karatasi ni nzuri, baba, ila sisi hatuangalii karatasi. Jina lako halimo, la mama pia halimo. Ulinunua wapi?"

Alifungua mdomo, na maneno yaliyotoka aliyafahamu kabla hajayasikia. "Nilinunua kwa mtu. Sikujua."

Msichana hakumfokea. Alimwonea huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyomkata maini. "Pole sana, baba. Pisha kidogo, wenzako wapite."

Alisogea pembeni, akampigia wakala. Simu haikupatikana, na wala hakutegemea ipatikane. Akarudi kwenye benchi.

"Wanasemaje?" mkewe aliuliza.

"Ndege imechelewa kidogo."

Mama akatoa kofia ya sufu kwenye begi, akaipima kwenye goti lake. "Nimeongeza upana. Mtoto akirithi kichwa chako, kofia ya kawaida haitoshi." Akacheka peke yake. Mara kipaza sauti kikaita abiria wa ndege yao, naye akasimama haraka, begi mkononi. "Si ndiyo yetu hiyo?"

"Kaa, mama watoto. Hatumo. Nimetapeliwa. Tiketi ni za uongo, na mhuri wake."

Akakaa. Akaikunja ile kofia, akairudisha kwenye begi. "Mkwe alitaka kununua," alisema polepole.

"Najua."

"Ukasema tiketi ni tiketi."

"Nilisema."

Alilia bila sauti, na Mzee Tobo alitamani amtukane mbele za watu kuliko vile. Alipomaliza alijifuta uso, akamkabidhi simu. "Mpigie wewe. Na yeye usimwambie ndege imechelewa."

"Shikamoo, baba. Mmeshapanda?" mkwe alipokea.

"Marahaba, mwanangu. Nimelizwa. Tiketi hatuna."

Mkwe hakuuliza imekuwaje. Aliomba dakika chache, akapiga tena: ndege ya jioni ilikuwa imebakiwa na nafasi moja, ameshamkatia mama. Tiketi ikaingia kwenye simu ya mama. Haikuwa na mhuri.

Mke wa mkaguzi hakuwahi kusafiri peke yake hata kituo kimoja. Walitembea pamoja mpaka mlango wa abiria, mzee kabeba begi.

"Nikipotea je?"

"Uliza mwenye sare."

"Mwenye sare kama wewe?"

"Tafuta mwenye huruma zaidi."

Akamshika mkono, akaubana. "Nikirudi tutagombana vizuri. Sasa hivi sina nafasi."

Mlinzi wa mlangoni, kijana aliyenyoosha sare yake vizuri, aliangalia simu ya mama, akamruhusu. Mzee Tobo akafuata nyuma kwa mazoea, begi mkononi. Mlinzi akanyoosha kiganja.

"Na wewe, mzee? Tiketi."

Zile karatasi ngumu zilikuwa kwenye mfuko wa koti. Alizigusa kwa kidole gumba, akaziacha humohumo. Akampitishia mkewe begi juu ya kamba.

"Sina, mwanangu," alisema, akapisha njia kabla hajaambiwa.