Nafasi ya Papa Hubert

Papa Emile, fundi chuma wa karakana yetu pale Kalemie, ambako kila mzee tulimwita Papa, hakuwa mwoga. Wanaosema alikuwa mwoga hawakusimama naye kwenye bendera. Enzi za Zaire, kila asubuhi kabla ya kazi, tulipangwa mistari tukaimba nyimbo za kumsifu Rais na kupiga makofi, macho yote juu.

Asubuhi moja jirani yake mstarini, Papa Hubert, hakuimba. Alikuwa amemzika mtoto wake jana yake. Wanaume wawili wakamtoa mstarini, na hatukumwona tena.

Tangu siku ile macho ya Papa Emile yalikataa kumtii. Shingo ilinyooka, mdomo uliimba, lakini macho yaliteleza yenyewe mpaka kwenye ile nafasi tupu. Aliyakaza juu hadi machozi yakamtoka, lakini macho yakarudi palepale.

"Papa Emile, bendera iko juu!" shefu, msimamizi wa karakana, alifoka.

"Najua, shefu. Macho yenyewe njo hayajui."

Shefu akaamuru nafasi ijazwe. Akasimamishwa Banza, mfanyakazi mpya kutoka Kabimba. Macho ya Papa Emile yakaenda tena.

"Papa, unaniangalia nini?" Banza alinong'ona.

"Sikuangalii wewe."

Banza akasogea pembeni bila kuambiwa. Shefu akaja kwa hasira, akasimama mbele yetu, akainua uso kwenye bendera na kuanzisha wimbo mwenyewe. Katikati ya wimbo macho yake yakateleza chini, mpaka kwenye nafasi ya Hubert. Sauti ikamkatika.

Kisha, taratibu, akaitikia kwa kichwa kuelekea nafasi ile tupu, kama mtu aliyesalimiwa.