Damu ya Minza Haikunyonywa na Mtu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, dada yangu Minza alitoka kwenda kisimani, akafika mlangoni na ndoo tupu, akashika mwimo, akashindwa kuendelea. Ndoo tupu! "Subiri nipumue," aliniambia, na ndiyo kwanza alikuwa ameamka. Nikamtazama midomo. Ilikuwa imepauka kama ya mtu aliyetoka kubwia unga.

Hasira yangu ilianzia pale, na kwa uzee huu bado haijaisha. Kaa unisikilize. Nimeambiwa una mimba, na nimeambiwa mumeo anasema kliniki ni ya wanawake wasio na kazi. Mwite naye, asikae nje kama mgeni.

Ilikuwa miaka ile watu walipohamishiwa vijijini, wakawekwa safu moja na majirani wasiowajua. Minza alikuwa ameolewa Samuye. Mumewe, Shija, alikuwa Geita, ameshuka kwenye mashimo ya dhahabu na wachimbaji wenzake, kwa hiyo nyumbani aliyeamua kila kitu alikuwa kaka yake, Mhoja. Minza alikuwa na mimba ya pili, na mtoto wa kwanza, Limbu, bado hajaacha ziwa. Mama yetu akanituma nikamsaidie. Nilikuwa msichana mkubwa, sijaolewa.

Nilichokikuta kule kilinichefua. Minza alipalilia pamba, akatwanga, akachota maji, kisha akaketi kula ugali na mlenda. Kuku walikuwapo, lakini mayai alikatazwa, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Mbuzi akichinjwa, maini yalikwenda kwa wanaume. Nani alipanga hayo? Hao hao waliokuwa wakila maini! Naye Minza alikuwa akijificha nyuma ya nyumba, anamega udongo wa kichuguu anautafuna, kwa sababu mwili ulikuwa unadai kitu na hakuna aliyempa.

Alipoanza kuona kizunguzungu, Mhoja alicheka. "Wanawake wa siku hizi wamelegea," alisema. "Mama yangu alijifungua mchana, jioni akapika."

Mtu mmoja tu alimwonea huruma. Alikuwa jirani, Bibi Holo, mjane aliyeishi peke yake. Macho yake yalikuwa mekundu, na hilo halikuwa ajabu. Maisha yake yote alipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka na vijiti vya pamba, na ule moshi hauna huruma. Bibi Holo alikuwa akipita na majani ya kunde yaliyopikwa na karanga, mara nyingine samaki wakavu, mara nyingine yai amelificha kwenye upindo wa khanga. "Kula nikuone," alikuwa akimwambia Minza, na hakuondoka mpaka bakuli limekwisha.

Minza akazidi kupauka. Miguu ikavimba, moyo ukawa unamwenda mbio hata akiwa amelala. Sasa Mhoja akaona jambo limekuwa kubwa. Unadhani alimpeleka hospitali? Alikwenda kwa mganga wa kupiga ramli. Akarudi, akatukusanya uani, akatangaza kwa sauti ya mtu mwenye akili kuliko wote: "Damu ya shemeji inanyonywa. Anayeinyonya ana macho mekundu, na anamletea vyakula."

Hakutaja jina. Hakuwa na haja ya kulitaja. Watu wote waligeuka kutazama nyumba moja.

Mwanangu, unaelewa walichofanya? Mtu pekee aliyemlisha dada yangu, chakula chake kikageuzwa kuwa ushahidi. Na waliomnyima wakawa ndio mahakimu.

Nilimkimbilia Bibi Holo. Nilimkuta anachambua mboga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Najua kilichokuleta. Nimewasikia."

"Ondoka, bibi. Watakuua."

Aliweka mboga chini. "Mimi waache waniseme. Dada yako mpeleke mjini, usingoje kesho. Binti yangu wa kwanza alipauka vilevile na mimba yake, nikaambiwa ningoje, nikangoja. Sasa simwoni tena." Alisema hivyo bila kulia, na mimi ndiye niliyelia.

Msimu ule malori ya pamba yalikuwa yakipita kuelekea Shinyanga. Limbu nilimwacha kwa mke wa Mhoja, mwanamke mpole aliyekuwa akimwogopa mumewe. Nikamkokota Minza mpaka barabarani. Dereva alipoiona hali yake hakuuliza neno, aliteremka akamwinua kumweka mbele. Mhoja akaja anahema.

"Ukimpandisha humo, wewe binti, usirudi tena hapa!"

"Akifia hapa, nitarudi kufanya nini?" nilimjibu, nikafunga mlango.

Hospitalini muuguzi alimvuta Minza kope la chini, akamwangalia viganja, kisha akamchoma kidole. Tone la damu alilidondosha kwenye karatasi nyeupe, akalilinganisha na vipande vya rangi nyekundu. Cha Minza kilikuwa kile cha mwisho kabisa, chepesi kama maji yaliyooshewa nyama. Muuguzi alinigeukia kwa ukali: "Mmemwacha mpaka amefika hivi? Mlikuwa mnangoja nini?"

Nikamwambia kuhusu ramli. Akanieleza taratibu, na maneno yake nayakumbuka. Mwanamke akishika mimba, mwili unaongeza damu, lakini unaongeza zaidi yale maji yake. Kwa hiyo damu ya kila mjamzito huwa nyepesi kidogo, wala si ugonjwa. Ila mtoto naye anachukua madini ya kujengea damu humo humo. Mama asipokula vizuri, akapata malaria, akawa na minyoo ya safura tumboni, na akabeba mimba kabla hajapumzika na ile ya kwanza, damu inakwisha. "Dada yako ana vyote hivyo," alisema. "Siku ya kujifungua akimwaga damu hata kidogo, hatuna cha kuokoa. Anahitaji damu ya mtu. Mko wangapi?"

Tulikuwa wawili, mimi na mgonjwa. Ndugu wa mume walitumiwa habari, hakuna aliyetokea. Mmoja alituma salamu kwamba damu yake ni ya ukoo, haitolewi ovyo. Nilinyoosha mkono wangu. Wakapima, zikapatana. Nilikuwa naogopa sindano kuliko nyoka, lakini nililala, wakanichoma.

Minza alijifungua salama palepale hospitalini, mtoto wa kike. Rangi ikarudi midomoni.

Tuliporudi Samuye, nyumba ya Bibi Holo ilikuwa kuta nyeusi bila paa. Walikwenda na mapanga, wakakuta hayupo. Mke wa Mhoja, yule mwoga, ndiye aliyemnong'oneza mapema, naye bibi akakimbilia kwa ndugu zake Ushirombo. Na Mhoja alitupokea akitabasamu! "Mmeona?" aliwaambia watu waliokuja kumwona mtoto. "Tangu yule bibi aondoke, damu imerudi." Na watu wazima, wenye ndevu, wakatikisa vichwa kukubali.

Minza hakuwa mtu wa maneno. Siku ile alimpa mama mmoja mtoto, akasimama mbele ya shemeji yake.

"Damu niliyo nayo ni ya mdogo wangu huyu," alisema. "Iliyokuwa yangu mliimaliza ninyi. Bibi Holo ndiye aliyekuwa akinirudishia kidogo kidogo, na mmemchomea nyumba."

Shija aliporudi kutoka Geita na kusikia yote, alimhamishia mkewe Ngokolo, mjini. Minza akaenda Ushirombo na mtoto mgongoni, akapiga magoti mbele ya yule bibi. Bibi Holo alimpakata mtoto, akacheka, lakini Samuye hakurudi tena mpaka Mungu alipomchukua. Na kati ya wale waliochoma, hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwomba radhi. Hilo ndilo linalonikereketa mpaka leo.

Kwa hiyo, mwanangu, nakwambia mbele ya mumeo. Usingoje mimba ikue, nenda kliniki mapema, wakupime damu. Vile vidonge vya kuongeza damu vimeze vyote. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni vyenyewe. Lala ndani ya chandarua. Kula maini, dagaa, maharage, mboga za majani, na mayai ule mchana kweupe mbele ya yeyote. Ukijikuta unatamani udongo, au pumzi inakatika kwa kazi ndogo, sema, usione haya. Na wewe mwanaume, mkeo akisema amechoka, mwamini kwanza. Akihitaji damu, uwe wa kwanza kunyoosha mkono. Na mtu akija hapa kukuonyesha kikongwe mwenye macho mekundu, mfukuze kabla hajaketi.

Mungu akujalie damu nzito, mwanangu, na uchungu mfupi, na mtoto atakayelia kwa nguvu. Na akupe jirani wa kukupikia, na moyo wa kumlinda.