Nafasi Tupu Kwenye Karatasi ya Mito

NYERI, Oktoba 1956

Saa nane mchana, Jumamosi. Mwalimu Phelister Nasirumbi amepiga magoti mbele ya sinia la bati lililojaa jeli iliyoganda, ambayo imekwisha kunyonya wino wa karatasi mama. Analaza karatasi nyeupe juu yake taratibu, anaipitishia kiganja mara mbili, anahesabu hadi kumi, kisha anaibandua akianzia pembeni.

Maandishi ya zambarau yametokea. Juu kabisa: AFYA. Chini yake mistari kumi na minne kuhusu mbu, maji ya kunywa, choo, meno na kidonda.

“Ya kwanza hung’aa,” anasema bila kuinua macho. “Ya arobaini huwa kama moshi. Na watoto wangu ni arobaini na watatu.”

Zile tatu za mwisho huzipitia kwa kalamu, herufi moja baada ya nyingine.

Mwalimu Nasirumbi, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, anafundisha darasa la nane katika shule moja ya misheni nje kidogo ya mji wa Nyeri. Ni mzaliwa wa Kimilili. Alikuja huku mwaka wa 1953 akimfuata mumewe, Koplo Seth wa polisi, ambaye sasa yuko zamu Doldol na huonekana nyumbani mara moja kwa mwezi.

Mtihani wa darasa la nane umebakiza wiki sita. Darasa zima lina vitabu sita vya jiografia, na kimoja hakina jalada wala kurasa kumi za mwanzo. Wanafunzi wengi wanatoka kijiji kipya ng’ambo ya mto Chania, ambako watu wa vilima vya jirani walihamishiwa kwa nguvu tangu Hali ya Hatari itangazwe, na mtoto anapofika nyumbani hana muda mrefu kabla ya giza na amri ya kutotoka nje.

“Kitabu kinataka taa,” anasema mwalimu. “Karatasi moja inataka nusu saa ya jua.”

Ndiyo maana kila somo ameliweka kwenye ukurasa mmoja. Historia ukurasa mmoja. Hesabu za vipimo ukurasa mmoja. Mtoto hukunja karatasi mara nne, akaisoma akichota maji, akaisoma akilinda mbuzi.

Jeli huinunua katika duka la Kanubhai mjini, pamoja na sukari na gliserini. Mke wa Kanubhai, Sharda, anamfahamu vizuri.

“Mimi nadhani huyu mama napika keki kubwa sana,” anasema Sharda akicheka. “Kila wiki jeli, kila wiki jeli! Nauliza, mwalimu, watoto nakula nini? Yeye najibu, nakula jiografia.”

Lakini ni jiografia iliyomletea mwalimu huyu jambo ambalo hulisimulia polepole, akikunja na kukunjua kitambaa cha kupangusia sinia.

Mwaka jana, mwezi wa tano, alitaka karatasi ya mito. Yeye mwenyewe mito ya huku hakuijua. Akamwomba mwalimu wa darasa la sita, Moffat Ngatia, kijana wa hapa hapa mwenye mkono mzuri wa kuchora, amtengenezee ramani ya Mlima Kenya na mito inayoshuka kusini.

Ngatia akachora. Mlima, ukingo wa msitu, mito mitano. Mwalimu Nasirumbi akaitazama, akaona inakosa kitu. Akamwambia aweke na madaraja ya miguu, ili watoto watambue mahali wanapopajua.

“Akaniuliza, ‘Mwalimu, madaraja pia?’ Nikamwambia, ‘Weka, watashika haraka.’ Halafu akaweka. Alama za msalaba, saba.”

Jioni hiyo watoto walipofika lango la kijiji, walipekuliwa kama kawaida. Homgadi, askari wa kulinda kijiji, aliyekuwa zamu, Kahiga, alikunjua karatasi ya kwanza, kisha ya pili, kisha zote.

Kahiga bado yuko langoni hapo. Hakatai kuzungumza.

“Mimi kusoma sijui,” anasema. “Maandishi ningewaachia. Lakini hii niliona mlima, niliona msitu, niliona njia ya kuvuka. Iko na misalaba. Na ziko nyingi, zote sawasawa. Na magaidi wako msituni, wewe ungefikiri nini? Nikapeleka mbele. Kazi yangu ni kupeleka mbele.”

Walimu wote wawili waliitwa. Mwalimu Nasirumbi aliulizwa maswali kwa saa mbili, akarudi nyumbani. Ngatia alizuiliwa siku kumi na moja.

“Nilieleza kwamba madaraja ni maneno yangu,” anasema Mwalimu Nasirumbi. “Nilieleza mara tatu. Lakini mimi mume wangu ana nambari ya polisi. Yeye alikuwa na kalamu tu.”

Ngatia aliachiliwa, akarudi darasani. Hakumlaumu. Siku ya kwanza alimwambia kwa mzaha, “Mwalimu, safari nyingine nitakuchorea ng’ombe. Ng’ombe hana daraja.” Mwezi wa nane mwaka huohuo homa ya matumbo ilipita kijijini, nayo ikamchukua. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Alizikwa siku ya Jumanne, na watu waliruhusiwa kukaa makaburini muda wa saa moja tu.

Tangu hapo kila karatasi hupelekwa kwanza ofisi ya D.O., afisa wa serikali wa wilaya, kugongwa mhuri. Karatasi ya mito haikutolewa tena. Katika mtihani wa mwaka huo liliulizwa swali la mito ya mlima, na kati ya wanafunzi thelathini na wanane, mwalimu anasema, tisa tu ndio waliomwambia majibu yaliyokuwa sahihi.

Mwaka huu aliamua kuomba upya. Aliweka ramani ya Ngatia, nakala pekee iliyobaki shuleni, juu ya meza, akainakili bila madaraja, bila ukingo wa msitu: mlima na mito mitano tu, ndani ya kisanduku. Chini ya kisanduku akaandika: Mito ya Mlima Kenya. Mchoraji: M. Ngatia.

“Watoto waijue mito,” anasema. “Na mwenye kazi ajulikane. Hayo mawili tu ndiyo niliyokuwa nayataka.”

Jibu lilitoka Jumatatu iliyopita. Karani wa ofisi, Dishon, ambaye ni rafiki wa Koplo Seth, alimsukumia karatasi dirishani.

“Shemeji, ramani imekataliwa. Ya aina yoyote. Maandishi ndiyo yameruhusiwa.”

Mwalimu alitazama. Mchoro wote ulikuwa umefutwa kwa mistari miwili ya wino mwekundu, kona hadi kona.

“Na hapa chini?” akauliza.

Dishon akavuta karatasi, akaisoma, akaisoma tena.

“Chini ni nini hii?”

“Ni maandishi.”

“Bwana D.O. amefuta ndani tu. Chini hakugusa.” Akauinua mhuri. “Na mimi si wa kufuta ambacho bwana hakufuta. Kama wangetahini kugonga mihuri, shemeji, mimi ningekuwa mkuu wa shule.”

Akagonga.

Karatasi ya mito ikatolewa Jumatano: majina matano, maelezo mistari tisa, na katikati kisanduku kisicho na kitu. Kisha msichana mmoja, Waithira, aliyefundishwa na Ngatia darasa la sita, akaweka mkono wake wa kushoto ndani ya kisanduku, vidole vikielekea chini.

“Alitufundisha hivi kabla ya ramani,” anasema Waithira. “Kiganja ni mlima. Kidole gumba Thego, halafu Sagana, Ragati, Thiba, hiki kidogo Nyamindi. Na yote mwisho inaingia Tana. Alikuwa anasema, ‘Ukisahau mto, usiangalie dari, angalia mkono. Hakuna mtu atakunyang’anya.’”

Mwalimu Nasirumbi hakuwahi kulijua hilo. Anasema alitoka nje kidogo, akarudi, wakaendelea na somo.

Leo, baada ya Afya kwisha, anaandaa upya karatasi ya mito kwa ajili ya darasa la saba. Kisanduku cha zamani kilikuwa kidogo, vidole vilikuwa vikitoka nje. Amemwita Waithira, akamlazia mkono juu ya karatasi, akaupima kwa rula: inchi tano na nusu kwa inchi sita. Mstari wa chini, wenye jina, ameuacha kama ulivyo.

Koplo Seth amehamishiwa Bungoma kuanzia Januari. Mwalimu atamfuata, lakini ameomba abaki hadi matokeo yatoke.

Je, atarudi?

“Hali ya Hatari itakwisha siku moja,” anasema akipangusa wino wa Afya kwenye sinia kwa maji ya uvuguvugu. “Mimi mito hiyo nimeifundisha, lakini sijauona hata mmoja isipokuwa kwenye karatasi yake. Siku hiyo nitakuja. Nitavuka madaraja yote saba kwa miguu, ndipo nitaomba ruhusa ya kukijaza kisanduku hiki.”

Analaza karatasi mama ya mito kwenye jeli, kisha anainua nakala ya kwanza, anaipuliza ikauke, na kuilaza juu ya meza.