Kielelezo Namba Moja

Wenzake wa wodi ya wazazi walimwita Mama Kalamu, maana kalamu haikumtoka mfukoni hata akizalisha. Alikuwa mkunga miaka kumi na tisa, na sita ya mwisho aliiba nusu saa za mapumziko akiandika hadithi kwenye meza ya kukunjia mashuka. Kitabu kilipotoka, dada yake mkubwa alisoma kurasa tatu, akakifunga.

"Mdogo wangu, umetuvua nguo."

Mwezi haukuisha, askari wawili wakamfuata kazini. Shtaka: kuchapisha maandishi machafu. Hadithi iliyowakera ilimhusu mama wa watoto wanne aliyemwambia mumewe, bila kuzunguka mbuyu, kwamba tangu waoane hajawahi kufurahi kitandani, kisha akamweleza la kufanya. Ukurasa mmoja na nusu, basi. Matroni akamhamishia stoo ya mashuka mpaka kesi iishe.

Siku ya kwanza mahakamani, mwendesha mashtaka alisimama kuusoma ukurasa huo. Alipofika kwenye neno lenyewe akakohoa, akanywa maji, akasema, "Sehemu fulani ya mwili."

"Sikuandika 'sehemu fulani'," Mama Kalamu alisema kizimbani. "Mheshimiwa, naomba asome nilichoandika. Neno hilo limo kwenye kitabu tulichofundishiwa ukunga, na kina mhuri wa serikali."

"Hapa si wodini," hakimu akamjibu, akaahirisha.

Mara ya pili kitabu, yaani kielelezo namba moja, hakikuonekana. Karani alisema kiko kwa mpiga chapa wa mahakama. Mpiga chapa alisema kampa askari wa lango. Askari akatazama dari. Ikaletwa nakala nyingine, nayo ikayeyuka. Mama Kalamu akapigwa danadana miezi minane, kila mara akiomba ruhusa kwa matroni na kila mara akinuniwa. Mara ya nne karani alimfuata kwenye korido, akanong'ona.

"Dada, samahani. Yule mama wa watoto wanne, mumewe alimsikiliza? Nilinyang'anywa kabla sijamaliza."

Mama Kalamu alimtazama karani, asijue acheke au alie. "Kamuulize aliyekunyang'anya."

Mara ya tano hakimu alichoka. "Bila kielelezo hakuna kesi. Shauri limefutwa."

"Mheshimiwa, sasa kitabu ni kichafu au si kichafu?"

"Mahakama haiwezi kukisemea kitabu isichokuwa nacho."

"Lakini mmekisoma. Jengo zima limekisoma."

Nyuma watu wakacheka. Hakimu akainamia makaratasi yake. "Nenda nyumbani, mama."

Nje, dada yake akamshika mkono. "Umeachiwa. Shukuru."

"Nishukuru nini, dada? Wamenichosha roho miezi minane, halafu hawana la kusema."

Kesho yake alimpelekea matroni karatasi ya mahakama. Matroni akaisoma mara mbili, akaigeuza nyuma kama vile jibu limejificha huko.

"Haisemi kwamba kitabu chako ni kisafi."

"Wala haisemi ni kichafu."

"Basi tungoje barua kutoka juu."

Kupitia mlango wa wodi Mama Kalamu aliona kina mama saba wenye uchungu na wakunga wawili tu, mmoja wao akiwa amevaa glavu mkono mmoja, jasho likimtoka. Hakubishana tena. Alivaa aproni, akanawa mikono mpaka viwikoni, akaingia. Matroni alibaki pale na karatasi yake, na hakumwambia atoke.