Sisimizi wa Shangazi Kabula

Nilipokuwa mtoto wa kuchunga ndama, kule kwetu Zagayu, nilimfukuzisha shangazi yangu nyumbani kwa ajili ya matobolwa. Sisemi nilimponza kwa bahati mbaya. Nilitaka.

Shangazi Kabula, dada yake baba, alikuwa amerudishwa na mumewe. Alikuwa amekonda, na kidole chake cha mguu kilikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Maji alikunywa kama ng'ombe aliyeswagwa kutoka Bukundi, kisha kutwa anakwenda nyuma ya zizi kukojoa. Siku hiyo alikuwa na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa. Nikamwomba, akaninyima.

"Nenda kachunge huko, mlafi. Tumbo kama la ndama."

Nikaenda nyuma ya zizi kununa. Pale alipokojoa palikuwa peusi kwa sisimizi. Nikamkimbilia bibi.

"Bibi, sisimizi wanakunywa mkojo wa shangazi."

Akaacha kupepeta mtama. "Umeona kwa macho yako?"

"Njoo uone."

Kwetu waliamini kwamba mchawi huwalisha watumwa wake, hata wadudu anaowatuma, kwa mwili wake mwenyewe. Na mwezi ule tulikuwa tumezika mtoto wa mama mdogo. Bibi hakuhitaji hata mganga, alimwita baba.

"Kaka, nina kiu tu," shangazi alisema. "Mama, mwambie. Si wewe uliyenizaa?"

"Mimi nilizaa mtu," bibi akajibu.

Wakamhamishia kwenye kibanda cha pamba, shambani. Mguu wake hakuna aliyeuosha. Chakula aliwekewa njiani, kama mbwa. Mguu ukaoza, na kabla pamba haijachumwa tukamzika. Matobolwa yake niliyala mimi. Yalikuwa matamu.

Uzeeni, hapa Bariadi, nikawaona sisimizi kwenye bafu langu la mabati, pale ninapokojoa. Kesho yake nikaenda hospitali. Nesi akanitoboa kidole, akasema kisukari.

"Pole, bibi. Wengine huja mguu umeshaharibika. Wewe ulijuaje?"

"Nilifundishwa na shangazi."

Sasa kila jioni naosha miguu, nakausha katikati ya vidole, natazama nyayo kwa kioo. Sitembei peku. Ugali wangu ni kama ngumi, na chai bila sukari. Nkwimba, mke wa mwanangu, hunicheka.

"Mama, miguu unaikagua kama unanunua dume mnadani!"

"Ningekuwa dume, ungenilisha vizuri."

Watu husema mtoto hana hatia. Waseme. Mimi nilikuwepo.

Nikishameza dawa, namwaga ndoo nzima ya maji bafuni mpaka asibaki sisimizi hata mmoja. Nesi anajua ni sukari. Majirani hawajui, na macho yangu yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi, nao husema macho mekundu ni ya mchawi. Halafu juzi mjukuu wangu, binti wa Nkwimba, aliniomba karanga. Nikamnyima.