Jirani na Gari la Viti vya Ngozi

Jirani yangu, daktari wa meno mstaafu, hakuwahi kubamiza mlango wa gari lake. Aliusindikiza kwa kiganja mpaka ujifunge, na ukiusukuma wewe kwa nguvu alikuambia taratibu, kama anayesema na mgonjwa aliyeachama: "Polepole, ndugu yangu, huo si mlango wa ghala." Lilikuwa gari la kifahari, la juu, lenye viti vya ngozi. Kila alipoliegesha alilizunguka akilipapasa ubavuni, kisha akageuka kulitazama tena kabla ya kuingia ndani. Mkewe aliliita mke mwenza.

Macho yalipoanza kufifia, watu walimshauri aliuze. Akakataa, akalitoa sadaka kwa kituo cha wazee. Siku ya kulipeleka alinipa mimi usukani, na njia nzima akanisimulia jinsi wazee watakavyofika hospitali bila kurushwarushwa. Msimamizi wa kituo akapokea ufunguo kwa mikono miwili, akamweleza ukweli. "Baba, Mungu akubariki. Lakini mafuta na vipuri vyake hatutaviweza. Itabidi tuliuze, tununue vitanda."

Midomo ya daktari ilifunguka, ikafumbana. Nilihisi nikimtazama nitamwaibisha, nikainua macho kwenye paa la kituo. Nilipoyashusha, alikuwa amekwishavua koti na anakunja mikono ya shati.

"Mna ndoo?" akauliza. "Limeshika vumbi njiani. Mnunuzi asije akawapunja."