Shali ya Mtoto kwenye Mnada wa Mavuno

Kuna watu hapa Karatina ambao mpaka leo wakiniona napita na kabeji zangu wanauma midomo wasicheke, na siwalaumu, kwa sababu ile aibu nilijitafutia mwenyewe kwa mkono wangu wa kulia, huu hapa, niliouinua kanisani wakati hakuna mtu aliyeniomba niuinue. Ninyi mmesikia upande wa kuchekesha tu. Nataka leo msikie na upande wa mke wangu, maana siku hiyo mimi nilikuwa mjinga na yeye alikuwa mtu mkubwa, na wanaoisimulia hii habari sokoni huwa wanasahau hilo.

Mke wangu ni Wairimu, yule mshonaji mwenye kibanda nyuma ya soko. Tumeoana miaka mingi na hatujapata mtoto. Mnajua mambo ya huku kwetu, ukizaa unaacha jina lako unakuwa Baba Fulani, na wenzangu wote niliosoma nao walishakuwa akina Baba Fulani huku mimi na mvi zangu hizi bado naitwa Muriuki tu, kama mtoto wa shule. Inauma, nisiwadanganye. Mama yangu naye, aliyeko Gakindu kwenye kahawa yake, hakuwahi kumwambia Wairimu neno baya, lakini kila akija alimtazama tumboni kabla ya kumtazama usoni. Binti yetu wa kwanza ndiye angechukua jina lake, kwa hiyo mama alikuwa anangoja mjukuu na papo hapo anajingoja mwenyewe.

Mwishowe tukaenda kliniki moja Nyeri mjini. Wairimu akachomwa sindano, akapigwa picha za ndani, akapewa dawa zilizomfanya alie hata akisikia tangazo la sabuni kwenye redio, na hakulalamika. Mimi kazi yangu ilikuwa moja tu, na kikopo (na hata hiyo moja niliomba niongezewe muda, tuachane na hiyo habari). Mbegu zikasafishwa maabara, daktari akazipandikiza kwa mrija mwembamba, halafu tukaambiwa twende nyumbani tungoje kama wiki mbili, tusipime mapema, tusijipe presha. Muuguzi akaongeza jambo muhimu sana kuhusu vidonge vya homoni ambavyo Wairimu angekuwa akitumia wakati huo wa kungoja, jambo ambalo sikulisikia kwa sababu nilikuwa nimetoka nje kujibu simu ya mtu wa lori.

Tukiwa njiani kurudi Wairimu akaniambia, "Muriuki, hii iwe yetu wawili. Mama yako asijue, kanisa lisijue. Ikikataa, nataka nilie bila watazamaji." Nikamwahidi. Hakuwa ananiomba kitu kingine chochote.

Jamani, kungoja ni kazi! Yeye alikaa kwenye cherehani yake akashona sare za shule kama mtu asiye na neno, mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa. Akienda chooni, natega masikio. Akirudi, namtazama usoni. Akishika kiuno, nauliza. "Ukiniuliza tena kama nasikia kitu," akasema siku moja, "nitakushona huo mdomo, na sindano iko hapa." Nikaacha kuuliza nikaanza kuhesabu kimoyomoyo, maana siku zake Wairimu hazichelewi, tangu nimjue hazijawahi kuchelewa, na mimi ni mtu wa soko, siku ikipita bila mzigo kuingia nagundua. Basi siku yake ikafika, kimya. Ikapita, kimya. Sikumwambia kitu, lakini kichwani mwangu mtoto alikuwa ameshazaliwa, ameshaota meno, na nilikuwa nabishana na mwalimu wake kuhusu hesabu.

Ndipo ikafika Jumapili ya mavuno. Kila mtu huleta alichojaliwa, ndizi, viazi, kuku, na baada ya ibada tunafanya mnada pale pale ndani ili kanisa lipate pesa za paa. Mama alikuja kutoka Gakindu na jogoo wake chini ya kwapa. Wairimu alikuwa amekaa kando yangu, halafu akanong'ona kwamba anatoka kidogo, akaenda kwenye vyoo vya nyuma. Na mimi, badala ya kutega masikio siku moja ambayo ingenifaa, nikawa natazama mbele, kwa sababu Mzee Ndirangu anayeendesha mnada alikuwa ameinua shali ya mtoto iliyofumwa na akina mama wa kikundi, nyeupe, na kofia yake na soksi ndogo ambazo hazingeingia hata kwenye kidole changu gumba.

"Hii ni ya nani?" akauliza. "Nani ako na mtoto, ama nani anangojea?"

Ningeweza kununua ndizi. Ningeweza kununua jogoo wa mama yangu nikamrudishia. Mkono ukaenda juu. Kanisa likageuka kunitazama, wote, na hapo bado ningeweza kusema nimemnunulia mtoto wa jirani, lakini fundi mmoja wa kuchomelea milango akaongeza bei, mimi nikaongeza, naye akaongeza akicheka, na mimi nikishindaniwa huwa akili inashuka miguuni. Nikasimama nikapaza sauti, "Wachana na hiyo shali, fundi! Wewe watoto wako walimaliza kuzaliwa. Mimi ndiye naihitaji!"

Mzee Ndirangu, ambaye ana kipaza sauti na hajui kunong'ona, akasema, "Ati Muriuki anaihitaji! Wamama, mmesikia? Anaihitaji!"

Ngemi, vigelegele vyetu vya kupokea mtoto, zikapasuka, zile tano za mtoto wa kiume (sijui nani aliwaambia ni wa kiume). Mama yangu akaruka kama msichana, akasahau ana jogoo, jogoo akaponyoka, akapita juu ya vichwa vya wanakwaya akatua kwenye mimbari, na mhubiri anamfukuza kwa kitabu cha nyimbo, na mimi nimesimama katikati nimekumbatia shali, natabasamu.

Wairimu akaingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amefunga sweta yake kiunoni, na alipotoka alikuwa ameivaa. Nikajua. Hakuna aliyehitaji kuniambia, nikajua, na lile tabasamu likanigandia usoni nisijue pa kulipeleka. Kabla sijamfikia, mama alikuwa ameshamkumbatia, analia, anasema, "Asante mwanangu, asante kwa kunizaa!"

Wairimu akanitazama juu ya bega la mama. "Umewaambia nini?"

"Nimenunua shali tu," nikasema.

Sasa ninyi mngekuwa yeye mngefanya nini? Mimi ningetoka nje nisirudi mpaka watu wote waliokuwepo wazeeke. Au angeweza kutabasamu tu, akaacha wafurahi, kisha habari ife polepole yenyewe. Yeye alimshika mama mkono, akatembea naye mpaka mbele, akamwomba Mzee Ndirangu kipaza sauti, na yule mzee akampa.

"Bwana asifiwe," akasema, na kanisa likajibu. "Mume wangu amekimbia mbele ya habari. Ni kweli tulienda hospitali tusaidiwe kupata mtoto, na tumekuwa tukingoja. Saa hii nimetoka huko nyuma, na imekataa. Siko na mimba. Siku zangu zilichelewa kwa sababu ya dawa, na tulielezwa zitachelewa, lakini mmoja wetu alikuwa kwa simu."

Mtu mmoja akacheka, akakatiza katikati.

"Mnaweza kumcheka, lakini si sana," Wairimu akaendelea. "Kila nikichomwa sindano ni yeye ananishika mkono, na ni yeye anatetemeka. Amefurahi mapema, basi. Tutajaribu tena. Mkitaka kutuombea, ombeni polepole, mtuwachie nafasi."

Akarudisha kipaza sauti. Nimewahi kuona watu jasiri, nimeona wanaume wakishika lori lisilo na breki, lakini sijawahi kuona mtu akisimama mbele ya kanisa zima na damu yake na uchungu wake, akanitetea mimi niliyemfikisha pale. Nilijiona mdogo kuliko zile soksi.

Na mama yangu, ambaye nilidhani angeanguka, akafungua leso yake begani, akamfunga Wairimu kiunoni juu ya ile sweta, akaikaza vizuri, akasema kama anayemwita mama yake mzazi, "Twende nyumbani, maitu. Utakunywa uji." Mjukuu hakumtaja, siku hiyo wala siku zilizofuata.

Nyumbani Wairimu alilia. Nilikaa naye sakafuni jikoni nikamwambia nisamehe, na akaniambia lile ambalo sitalisahau: "Nilikuomba nilie bila watazamaji, Muriuki, ukaniitia kanisa zima." Alinisamehe, lakini si siku hiyo, na sikumharakisha.

Wiki iliyofuata wanawake wakaanza kuja kibandani kwake na nguo ambazo hazina shida yoyote, wengine wenye watoto wakubwa, wengine nisiowadhania kabisa, wanakaa kwenye kile kistuli, wanangoja nitoke, halafu wananong'ona wakimuuliza, hiyo kliniki iko upande gani, na sindano inauma kiasi gani, na mumewe alikubali vipi. Anawajibu wote huku cherehani inaenda, na anayesikika akilia humo ndani hakuna anayemuuliza kitu akitoka.

Tumerudi Nyeri mara ya pili. Safari hii simu niliizima na nikamsikiliza muuguzi mpaka akaniuliza kama nataka kazi. Sasa tunangoja tena, na nimeapa sitahesabu siku ambazo si za mwili wangu, wala sitainua mkono kwenye mnada wowote hata kama wanauza mvua. Kwa hivyo mkiniona nimekaa hapa na ninyi tangu asubuhi msidhani sina kazi, ni Wairimu amenifukuza, anasema namtazama sana. Akija na habari, nzuri au mbaya, itatoka kinywani mwake kwanza. Na ninyi mkikutana naye msimuulize kitu, mpelekeeni nguo ashone.